Bustani ya Kipupwe: Kuwalisha Watoto bila Kukausha Chemchemi



Wapendwa waamini, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kipupwe katika Nyanda zetu za Juu Kusini. Mahindi yamevunwa, na alfajiri majani ya Mufindi na Uporoto hufunikwa na umande ulioganda. Ni majira ya ghala kujaa. Hata hivyo, katika majira haya haya wapo watoto wetu wenye njaa ambayo macho hayaioni upesi.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kwamba, kati ya kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa walikuwa takriban 57, na katika mikoa ya Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto wote. Mikoa hiyo ni miongoni mwa ile inayoilisha nchi. Ni dhahiri, basi, kwamba hatukukosa cha kujaza tumbo.

Wapo wanaosema, “Sisi ni wafupi kwa ukoo.” Udumavu si suala la ukoo. Hujengeka hasa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na huathiri pia ubongo na kinga ya mwili. Husababishwa na uji wa mahindi matupu, magonjwa ya kuharisha yatokanayo na maji yasiyo salama, na mimba inayobebwa shambani kutwa bila mapumziko. Nasi tunaongeza kosa la nyumbani: maharage, mayai na maziwa vinapelekwa gulioni, na mtoto anabaki na ugali.

Hapo ndipo bustani ya kipupwe inapopata umuhimu wake. Baridi yetu haizuii kilimo, bali inachagua mazao. Kabichi, figiri, karoti, njegere na vitunguu saumu huivumilia vizuri. Nyanya, maharage na majani ya maboga huungua umande unapoganda. Hivyo yanafaa kupandwa kwenye mteremko ulio juu ya bonde, kwa kuwa hewa baridi hushuka na kutuama bondeni usiku. Mboga changa zifunikwe kwa nyasi jioni na kufunuliwa jua likichomoza.

Wazee wetu wa Iringa walilijua jambo hili. Mvua zikiisha, walishuka mabondeni, ambako udongo hubaki na unyevu, wakalima vinyungu. Kinyungu ndicho kilichowapa watoto mboga mbichi wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Lakini kaya zimeongezeka, mabonde ni yale yale, na vinyungu vimesogea hadi kwenye jicho la chemchemi. Mahali pengine tumepanda mikaratusi bondeni, mti unaokunywa maji mengi mno.

Maji hayo hayaishii kijijini. Ndembera kutoka Mufindi, pamoja na Mbarali, Kimani na Chimala, hushuka hadi bonde la Usangu, hupita ardhioevu ya Ihefu na kuwa Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990, mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko husongamana katika madimbwi machache, samaki hufa, na tembo huchimba mchanga wakitafuta maji. Chanzo kikubwa cha hali hiyo ni maji yanayochepushwa kwa umwagiliaji Usangu, wala si kinyungu cha mama mmoja. Lakini mto hukusanywa na vijito, na kila kijito kina jirani yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ni sheria njema. Lakini tukimwambia mama aondoke bondeni pasipo kumwonesha pengine pa kulima, tumelinda chemchemi kwa kumnyang’anya mtoto mboga. Haki mbili hizi hazipaswi kugombanishwa.

Kwa hiyo, napendekeza kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ifanye mambo matatu kipupwe hiki. Kwanza, kila kaya iwe na bustani karibu na jiko, hata ya magunia matatu yaliyojazwa udongo na samadi, inayomwagiliwa kwa maji yaliyosuuzia mboga na nafaka. Pili, wanajumuiya waende pamoja na serikali ya kijiji kuweka mpaka wa chemchemi, waondoe mikaratusi na kupanda miti ya asili. Hapo nyuki watapata maua, nao vyura na ndege watapata makazi. Viumbe hao huchavusha mboga zetu na kula wadudu waharibifu. Tatu, kabla ya kuuza gulioni, fungu la mtoto na la mama mjamzito litengwe kwanza: yai, maharage, mboga. Akina baba wasiliache jambo hili kwa WAWATA peke yao.

Kitabu cha Mwanzo kinatueleza kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kutunza. Mara nyingi tumeishika ya kwanza na kuisahau ya pili. Mwanajumuiya anayesogeza tuta lake mbali na chemchemi, kisha akampa mtoto mboga za tuta hilo, amezitimiza zote mbili.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.