Vita Haviishi Bunduki Zinaponyamaza: Vita vya Kagera na Maisha Yetu Mara

Wengi wetu tunavifahamu Vita vya Kagera kwa habari za uwanja wa mapambano. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, akalitangazia taifa vita mwezi Novemba. Na Kampala ikatwaliwa Aprili 11, 1979. Ni vyema tujiulize pia: vita hivyo vilifanya nini huku nyumbani, Tarime na Serengeti?

Mifuko iliyotoboka

Nchi maskini iligharimia vita vinavyokadiriwa kufikia dola milioni 500 za Marekani. Jeshi lililokuwa na askari wapatao 40,000 lilipanuka, pamoja na mgambo, hadi kupita 100,000. Malori yaliyokuwa yakibeba pamba na mahindi yalibeba askari na risasi. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini dhiki ilidumu miaka mingi. Si haki kuvibebesha vita lawama yote: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na bei ya mafuta ilipanda mwaka 1979. Hata hivyo, vita viliikuta nchi ikiwa tayari imechoka, vikaichosha zaidi.

Kwetu dhiki hiyo ilikuwa na sura ya pekee, kwani mpaka wa Kenya, ukiwamo Sirari, ulifungwa tangu 1977 hadi 1983. Sabuni, sukari na nguo zilipoadimika madukani, zilipita kwa magendo. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliwatia wengi hofu, lakini haikujaza maduka. Hapo tunaona hasara isiyoandikwa katika hesabu za serikali: mzazi aliyelazimika kuvunja sheria ili apate kipande cha sabuni alizoea, na mtoto wake alijifunza kwa kumtazama.

Bunduki katika mazizi

Vijana wengi wa Kikurya walitumikia jeshi kwa uaminifu, na taifa linawadai shukrani. Lakini baada ya vita silaha nazo zilienea, nyingine zikaingia mikononi mwa wezi wa mifugo. Wizi wa ng'ombe ulikuwapo tangu zamani, kwa mikuki na mishale. Bunduki iliugeuza: kundi dogo liliweza kulitisha kijiji kizima, na ng'ombe walioibwa wakawa biashara ya kuvuka mpaka.

Kwa familia ya mfugaji, ng'ombe ni akiba, mahari, ada ya shule na dawa ya mgonjwa. Zizi likiachwa tupu usiku mmoja, mipango ya miaka mingi huvunjika, na koo jirani huanza kutazamana kwa chuki. Wananchi walijilinda kwa iritongo, baraza la jadi la Wakurya, na kwa sungusungu. Ulinzi huo ulisaidia. Lakini pale mtuhumiwa alipoadhibiwa bila kusikilizwa, dhuluma mpya ilizaliwa.

Kanisa latufundisha nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unafundisha kwamba amani ni zaidi ya kukosekana kwa vita. Ni tunda la haki. Naye Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio ya mwaka 1967, aliunganisha amani na maendeleo ya watu. Kwa mafundisho hayo tunaelewa kwamba taifa laweza kushinda vita kwa haki na bado likabaki na kazi ndefu ya kuponya majeraha yake.

Kazi hiyo ni yetu. Tunazialika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwatembelee askari wastaafu na wajane wao, na kusikiliza simulizi zao. Anayejua ilipo silaha haramu aifikishe habari kwa vyombo vya dola. Na kila mzazi anayepokea mahari aulize bila haya: ng'ombe hawa wametoka wapi? Ndoa haijengwi juu ya machozi ya jirani. Anayemkataa ng'ombe wa wizi hapunguzi utajiri wa nyumba yake, bali anamfungia mwizi soko.

Bwana atujalie amani inayoanzia katika mazizi yetu wenyewe.