China: Kompyuta yaonyesha mchoro wa miaka 900 bila kuukunjua

Mchoro mmoja unaohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kifalme mjini Beijing, China, hauonyeshwi mara kwa mara. Una urefu wa karibu mita 12, umechorwa juu ya hariri kwa rangi za mawe yaliyosagwa. Kila unapokunjuliwa, chembe za rangi zinaweza kubanduka.

Mchoro huo wa mito na milima ulifanywa na Wang Ximeng mwaka 1113, akiwa kijana wa miaka 18. Kijani chake ni malakiti, jiwe lilelile la shaba ambalo wakaaji wa Kolwezi na Likasi wanalijua vizuri.

Picha za kompyuta zinawawezesha watu wengi kutazama michoro ya namna hiyo bila kuichakaza. Kamera inapiga picha kipande kwa kipande, kisha programu inaviunganisha. Kadi yenye rangi zinazojulikana hupigwa picha pia, ili kompyuta isahihishe rangi zilizopotoshwa na mwanga wa taa. Miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni, inaweza kufichua wino uliofunikwa na rangi.

Ugumu unaanza programu inapoambiwa izibe nyufa. Inatazama nukta zilizo kando ya ufa na kukisia kilichokosekana. Lakini wachoraji wa China huchora miamba kwa mistari myembamba sana, na programu inaweza kuidhania kuwa nyufa, ikaifuta. Hata sehemu isiyochorwa kitu si lazima iwe kasoro: mara nyingi ndiyo maji au ukungu.

Kuna pia mihuri myekundu na maandishi yaliyoongezwa na wafalme na wengine waliomiliki michoro. Kompyuta inaweza kuyaona kama madoa. Kumbe umri wa Ximeng na mwaka wa kazi yake vinajulikana kutokana na maandishi ya waziri Cai Jing, yaliyowekwa mwishoni mwa mchoro. Anayesafisha kila kitu anaweza kufuta hata historia ya mchoraji.

Ndiyo maana picha ya kwanza huhifadhiwa jinsi ilivyo, na masahihisho hufanywa kwenye nakala. Programu ikikosea, nakala inatupwa, kazi inaanza upya. Hariri yenyewe inabaki imekunjwa, mbali na mwanga.