Plagi ya moto, plagi ya baridi: pikipiki ya naitrasi na bodaboda ya Isevya

Kwenye vijiwe vya bodaboda pale Isevya, mjini Tabora, kuna aina moja ya video inayozunguka sana kwenye simu. Pikipiki ndefu, imekaa chini, tairi la nyuma pana, jamaa amelala juu ya tangi. Taa ya kijani inawaka, na baada ya sekunde nane hivi ameshamaliza mita 402, yaani robo maili. Pembeni ya injini kuna mtungi mdogo, na ndani yake kuna naitrasi. Swali linalofuata nimelisikia zaidi ya mara moja: "Hao wanafunga plagi gani? Nikifunga kama ile kwenye yangu si itakimbia?"

Haitakimbia. Uwezekano mkubwa ni kwamba itaanza kukatakata, itawaka kwa shida asubuhi, na itakula mafuta. Na kama unaendesha kwa mkataba, yaani kila jioni una hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki mpaka siku itakayokuwa yako, basi plagi iliyokosewa inaweza kukugharimu siku za kazi, na ikikosewa kwa upande wa pili, pistoni nzima. Ndiyo maana nadhani inafaa kuelewa plagi inafanya nini hasa.

Tuanze na jambo ambalo hata mafundi wazuri wakati mwingine hulichanganya. Plagi haiongezi nguvu. Nguvu inatoka kwenye mafuta na oksijeni. Plagi ina kazi mbili: kurusha cheche kwa wakati, na kuhakikisha ncha yake yenyewe haipoi mno wala haipati moto mno. Kazi hii ya pili ndiyo inayotofautisha plagi moja na nyingine, na ndiyo watu huisahau.

Ncha ya plagi inakaa ndani ya moto. Ikibaki chini ya nyuzi joto 450 hadi 500 za Selsiasi, masizi yanayotokana na mafuta hayaungui, yanajikusanya kwenye kauri nyeupe. Masizi ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Kwa hiyo umeme uliotakiwa kuruka mwanya unaona njia rahisi, unateleza juu ya masizi na kuishia kwenye bodi. Cheche inadhoofika au inakosekana kabisa. Upande wa juu, ncha ikipita nyuzi 850 hivi, yenyewe inageuka kaa la moto. Mchanganyiko wa mafuta na hewa unawaka kabla cheche haijatolewa, wakati pistoni bado inapanda. Hapo injini inapigana na nafsi yake, joto linaongezeka, ncha inazidi kuwa nyekundu, na mzunguko huo unaweza kuishia kwa tundu kwenye kichwa cha pistoni.

Kati ya mipaka hiyo miwili ndipo plagi inapotakiwa kuishi. Ukisikia "plagi ya moto" na "plagi ya baridi", hayo majina hayahusu ukali wa cheche. Yanahusu jinsi plagi inavyotoa joto. Fikiria watu wanatoka Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi baada ya mechi. Kama ukumbi wa kutokea ni mfupi, uwanja unakuwa mtupu haraka. Ukiwa mrefu na mwembamba, watu wanarundikana ndani. Kwenye plagi, "ukumbi" ni ile pua ya kauri iliyo katikati. Pua ndefu inachelewesha joto kufika kwenye chuma cha plagi, halafu kwenye silinda hedi, kwa hiyo ncha inabaki na moto: hiyo ni plagi ya moto. Pua fupi inapitisha joto haraka: hiyo ni ya baridi. Kwa plagi za NGK, kuhama hatua moja kunabadilisha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100 hivi. Sio kidogo, ukizingatia jinsi nafasi yenyewe ilivyo finyu.

Sasa turudi kwenye mtungi. Naitrasi oksaidi ndiyo ile gesi ya kucheka inayotumiwa na madaktari wa meno. Haiungui yenyewe. Siri yake ni kwamba ikifika nyuzi 300 hivi inaanza kuvunjika na kuachia oksijeni. Katika hewa ya kawaida oksijeni ni kama asilimia 23 ya uzito. Katika naitrasi ni kama asilimia 36. Juu ya hapo, inatoka mtungini ikiwa kimiminika na kugeuka mvuke ghafla, hivyo inapoza hewa inayoingia na kuifanya iwe nzito zaidi. Oksijeni imeongezeka, fundi anaongeza na mafuta, na silinda ile ile ambayo haijakua hata milimita inalazimika kubeba moto mkubwa kuliko iliotengenezewa.

Ndiyo maana mtu wa naitrasi anachagua plagi kwa woga. Mazoea ya fani hii ni kushuka hatua moja au mbili kuelekea baridi, kulingana na ukubwa wa dozi, ili pua fupi iondoe joto la ziada. Kama pikipiki ilitoka kiwandani na namba 8 ya NGK, ataanza na 9, na dozi ikiwa kubwa, 10. Halafu anaangalia ule mkono mdogo wa chuma unaopinda juu ya ncha. Mkono mrefu uliojitokeza sana ndani ya chumba cha moto ndio unaotangulia kuwa mwekundu, kwa hiyo anatafuta plagi yenye mkono mfupi na mnene. Na mwisho anapunguza mwanya, mathalani kutoka milimita 0.9 hadi 0.7 au 0.6. Hii ya mwanya inawashangaza wengi, lakini ni fizikia tu: gesi ikibanwa zaidi, umeme unahitaji volti nyingi zaidi kuiruka. Usipopunguza mwanya, presha ya silinda inaizima cheche kama mtu anavyopuliza kibiriti.

Baada ya mbio moja anazima injini palepale mwisho wa mstari, hairudishi taratibu ikiwa inanguruma, kisha anafungua plagi na kuisoma. Kwenye ule mkono wa chuma kuna alama, mahali rangi ya chuma ilipobadilika kwa joto. Ikiwa karibu na kona ya mpindo, mambo yako sawa. Ikisogea kuelekea kwenye nyuzi za plagi, joto limepita kiasi, na busara ni kutorudia mbio kabla ya kujua kwa nini.

Ukiangalia vizuri, kila uamuzi hapo umefanywa kwa ajili ya sekunde nane za moto mkali. Bodaboda ya Isevya ina maisha tofauti kabisa. Inakaa kijiweni inanguruma ikisubiri abiria, inaenda Ipuli kwa mwendo wa kawaida, inazimwa, inawashwa, inazimwa tena. Injini haifikii hata karibu ya joto lile. Ukiiwekea plagi ya baridi ya mashindano, ncha haitafika nyuzi 450, masizi yatajaa ndani ya muda mfupi, na utakuwa mteja wa kudumu wa fundi.

Tabora ina jambo jingine la nyongeza. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Zamani njia ya misafara kutoka pwani ilipanda huku polepole sana. Burton na Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Leo pikipiki inapakiwa Dar es Salaam na kuupanda mwinuko huo huo kwa siku moja au mbili, na kabureta yake bado imerekebishwa kwa hewa ya pwani. Presha ya hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 13 hivi. Hewa imepungua, kabureta haijui, mafuta yanazidi. Matokeo: plagi nyeusi. (Kwa njia fulani ni kinyume cha naitrasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliitumia gesi hiyo kwenye ndege za kivita kwa sababu hiyo hiyo, kurudisha oksijeni iliyokosekana kule juu.)

Kwa hiyo ukifungua plagi ukakuta nyeusi na kavu kama sufuria ya kuni, usikimbilie kubadili namba. Anza na chujio la hewa, maana vumbi la kiangazi la Tabora linaziba haraka. Halafu angalia kama choki imebaki imefungwa, kisha mwambie fundi arekebishe kabureta. Nyeusi yenye mafuta yanayoteleza ni habari nyingine: oili inapita kwenye ringi au sili za valvu, na hakuna plagi duniani itakayotibu hilo. Rangi ya kahawia iliyofifia, kama udongo mkavu, ndiyo unayoitaka. Nyeupe kabisa, hasa yenye vichembe vilivyoyeyuka, ndiyo ya kuogopa, na hiyo hupatikana zaidi kwa anayepiga safari ndefu ya Urambo au Sikonge amebeba mishikaki na mzigo, mkono umefunguliwa hadi mwisho.

Mtego mkubwa kuliko yote uko dukani. Chukua plagi maarufu kama NGK D8EA, inayotumika kwenye pikipiki nyingi zenye injini ya ukoo wa Honda CG125. Herufi D ni kipenyo cha nyuzi, milimita 12. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Namba 8 ndiyo hatua ya joto, na kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Denso nao wanakwenda hivyo hivyo, ila wana namba zao: mwenzake wa D8EA kwa Denso ni X24ES-U. Lakini Bosch na Champion wanahesabu kinyume! Kwao namba ikipanda, plagi inakuwa ya moto zaidi. Muuzaji akikwambia "hii ni namba kubwa, ni nzuri zaidi", muulize kwanza ni ya kampuni gani. Na usibadilishe urefu wa nyuzi kwa sababu tu ya unayoitaka imeisha: ndefu mno inaweza kugongwa na pistoni, na fupi mno inaacha nyuzi za hedi wazi zijae kaboni. Herufi R ikiwepo kwenye namba ya awali, ibaki, hasa kama pikipiki yako ni ya sindano badala ya kabureta. Ndani yake kuna rezista inayozuia kelele ya umeme isisumbue kompyuta ya injini.

Pia kuna bandia. Boksi linaweza kuandikwa vizuri kabisa huku pua ya kauri ndani yake ikiwa ya urefu wowote ule, na hapo namba uliyoichagua kwa makini haina maana. Maandishi yanayofutika kwa kidole, washa inayodondoka yenyewe, mkono uliokaa upande: rudisha.

Wakati wa kufunga, ingiza plagi kwa vidole mpaka igote, halafu spana, nusu mzunguko tu kama ni mpya. Sehemu kubwa ya joto la plagi inatoka kupitia nyuzi na ile washa, kwa hiyo iliyolegea inapata moto hata kama namba ni sahihi. Iliyokwisha kufungwa zamani, ambayo washa yake imeshabanwa, haihitaji hata robo. Na fanya injini ikiwa imepoa, maana hedi ni ya aluminiamu, na nyuzi zake zikishakatika bei ya plagi haitakuwa tena ndiyo unayoiwaza.