Senga wa Simu: Vijana wa Makerere na Sauti ya Mtoto Tumboni

Mkunga huinama. Huisimamisha pembe ndogo ya mbao au ya bati juu ya tumbo la mama, akalaza sikio lake juu ya ncha ya pili, na chumba chote huamriwa kunyamaza. Kwa mkono mmoja hushika kifundo cha mkono wa mama, ili asije akayachanganya mapigo ya mama na yale ya mtoto. Kisha huhesabu kwa dakika nzima. Yakiwa kati ya 110 na 160, huandika katika chati na kushusha pumzi. Yakiwa chini ya hapo au juu yake, uso wake hubadilika, na mama aliyelala kitandani husoma habari hiyo usoni kabla hajaambiwa neno lolote.

Ndugu msomaji, yafaa tulitazame jambo hili kwa makini. Katika chumba kile huenda wamo watu watano, lakini asikiaye ni mmoja tu. Mama mwenye mtoto wake hasikii. Daktari, kama yupo, hasikii mpaka naye ainame. Baba aliyeko nje ukumbini ndiye kabisa. Sauti ya mtoto huingia katika sikio moja na kukoma humo. Isipoandikwa mara moja, huwa kana kwamba haikusikika kamwe. Na mkunga huyo, ambaye kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani hutakiwa kusikiliza kila baada ya dakika 15 hadi 30 uchungu unapoendelea, na kila baada ya dakika 5 mama anaposukuma, aghalabu ana kina mama wengine wanne au sita wanaomwita.

Huo ndio mlango walioingilia vijana watatu waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Joshua Okello, Josiah Kavuma na Aaron Tushabe. Wao hawakuwa waganga bali watu wa kompyuta, na pengine ndiyo sababu walithubutu. Waliichukua pembe ile ile ya mkunga, wakaiacha na umbo lake, ila mahali pa sikio la mtu wakatia kinasa sauti kidogo chenye wepesi wa kusikia. Waya ukatoka humo ukaingia katika simu ya mkononi, na ndani ya simu wakaandika programu ya kuchuja ile sauti, kuhesabu mapigo na kumwonyesha mkunga tarakimu yake kiooni. Waliita WinSenga. Sehemu ya kwanza ya jina ilitokana na Windows, maana simu waliyotumia ilikuwa ya namna hiyo. Ya pili ni senga, yaani shangazi, dada yake baba, ambaye katika Buganda ndiye amfundaye binti mambo ya ndoa na nyumba. Kwa hakika hatujapata kuona jina la mtambo lililochaguliwa kwa busara zaidi. Mashine ngeni ilipewa ujamaa kabla haijagusa tumbo la mtu.

Wakati huo haja ilikuwa kubwa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Uganda, kina mama 438 walipoteza maisha kwa sababu za uzazi, na katika kila watoto 1,000, wapatao 27 hawakuumaliza mwezi wao wa kwanza. Mashine za kisasa za kupimia mapigo kwa mawimbi ya sauti zilikuwako katika hospitali kubwa, lakini zilitaka umeme, zilitaka mafuta maalumu ya kupaka tumboni, na zilitaka fedha. Simu ya mkononi, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kufika hata kule ambako nguzo ya umeme haijafika.

Mwaka 2012 vijana hao, kwa jina la Cipher256, waliingia katika mashindano ya wanafunzi ya Imagine Cup yanayoandaliwa na kampuni ya Microsoft, na hatimaye wakapewa ruzuku ya dola 50,000 ili waendelee na kazi yao. Magazeti ya ng'ambo yakaandika habari zao. Nyumbani watu wakafurahi, na kwa haki. Si kila siku kijana wa Kampala husifiwa kwa kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Hapo ndipo wengi huweka nukta, wakidhani hadithi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, maana tuzo hutolewa na majaji waliokaa vitini, ilhali kifaa cha namna hii hukubaliwa na mkunga aliyesimama kwa miguu yake tangu jioni.

Mashaka yake si ya kupuuzwa. Tumbo la mama si mahali pa kimya. Mna matumbo yanayonguruma, mna mishipa mikubwa ya mama inayovuma kwa mapigo yake mwenyewe, na nje mna shuka inayokwaruza na jirani anayelia kwa uchungu. Sikio la mkunga mzoefu limejifunza kwa miaka mingi kuzisukuma sauti hizo pembeni na kuifuata ile moja ndogo iendayo mbio. Je, programu nayo imejifunza? Na ikitoa tarakimu ya 140, ni 140 ya mtoto, au imeokota kitu kingine? Mkunga akikosea kwa sikio lake atajua alikosea wapi. Akikoseshwa na simu, atajibu nini mbele ya wakubwa wake, na mbele ya yule mama? Tena kuna jambo dogo ambalo mhandisi aweza kulisahau: mgonjwa amwonapo mkunga ameshika simu kando ya kitanda, hadhani kwamba anahudumiwa, hudhani kwamba anapuuzwa.

Wala dharau kwa chombo cha kusikilizia haikuanzia Kampala. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari mmoja aitwaye Laennec, umri wake miaka 35, alishindwa kuweka sikio kifuani pa mgonjwa wa kike kwa kuona haya. Akakunja karatasi kuwa bomba, akasikia moyo kwa ubora ambao hakuutazamia. Stetoskopu ilizaliwa kwa haya ya mtu mmoja. Alipotoa kitabu chake mwaka 1819 si waganga wote waliompokea. Wako waliouliza kwa nini mtu mwenye masikio mawili ahitaji kigogo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1821, mwenzake aitwaye Kergaradec aliliweka bomba hilo juu ya tumbo la mja mzito, akitumaini kusikia maji yakichezacheza mtoto anapogeuka. Maji hakuyasikia. Alisikia mapigo ya haraka yasiyolingana na yale ya mama, akatambua kwamba ule ni moyo wa pili. Hata hivyo pembe tuionayo leo mikononi mwa wakunga haikupata umbo lake mpaka mwaka 1895, kwa kazi ya Mfaransa mwingine, Adolphe Pinard. Hebu msomaji apige hesabu: tangu moyo wa pili usikike mpaka pembe ya Pinard, miaka 74.

Tukirudi kwetu, WinSenga haikuwa peke yake. Katika Makerere hiyo hiyo walitokea Brian Turyabagye na Olivia Koburongo na jaketi lao waliloliita Mamaope. Bibi yake Koburongo aliugua, akahamishwa hospitali hii hadi ile kabla haijajulikana kwamba ni homa ya mapafu, na ilipojulikana muda ulikuwa umekwisha pita. Jaketi hilo huvishwa mtoto kifuani; vipimo vilivyoshonwa ndani yake husikiliza mapafu, hupima joto na mwendo wa pumzi, kisha hupeleka habari kwa simu. Shabaha yake ni kuitenga homa ya mapafu na malaria, maana magonjwa haya mawili huja na joto lile lile na pumzi zile zile za haraka, na mtoto hupewa dawa ya malaria ilhali mapafu yake yanajaa. Mwaka 2017 Mamaope ilikuwa miongoni mwa kazi zilizochaguliwa kuwania Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Mwaka uliofuata tuzo hiyo ilitwaliwa na Mganda wa kwanza kuipata, Brian Gitta, akiwa na miaka 24, kwa kifaa kiitwacho Matibabu, kinachobana kidole na kutafuta dalili za malaria kwa mwanga na sumaku bila kutoa tone la damu. Alipewa pauni 25,000.

Dola 50,000, pauni 25,000. Fedha hizo huonekana nyingi zinapotangazwa. Lakini kifaa kitakachowekwa juu ya mwili wa mtu lazima kwanza kamati ya maadili ya utafiti iridhike, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia litoe kibali, kisha kijaribiwe kwa mamia ya wagonjwa kando ya kile cha zamani, na wakati wote huo mvumbuzi ale, alipe pango na kununua vipuri kutoka ng'ambo. Hatusemi taratibu hizo ziondolewe. Tunazipenda taratibu, tumelelewa nazo. Tunasema tu kwamba kijana aliyetoka chuoni jana hana kiwanda nyuma yake, na simu aliyoijengea kazi yake si yake. Hilo la simu halikuwa dogo. Windows ya simu, ile iliyotoa nusu ya jina la WinSenga, ilipoteza wateja mwaka hadi mwaka, hata Microsoft wenyewe wakaacha kuihudumia. Mvumbuzi wa pembe ya mbao hakuwa na hofu kwamba mbao zitaacha kutengenezwa.

Lipo bado swali zito kuliko hayo yote, na tunamshukuru yule aliyelipima badala ya kulibishania. Katika hospitali moja ya kufundishia waganga mjini Kampala, watafiti waliwagawa kwa kura kina mama 1,971 waliokuwa katika uchungu. Nusu walisikilizwa kwa pembe ya Pinard, nusu kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopata umeme kwa kuzungushwa mkono. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Kipimo kipya kiligundua mapigo yenye hitilafu kwa kiasi cha mara 1.6 ya pembe. Lakini idadi ya watoto waliopotea wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye haikutofautiana kwa namna ya kuaminika. Majirani zetu wa Tanzania, waliojaribu kifaa cha Kinorway kiitwacho Moyo katika Haydom na kwingineko, walikuta jambo linalofanana na hilo: hitilafu nyingi zaidi zilisikika, vifo havikupungua kwa kadiri ile ile.

Tulipoisoma habari hiyo mara ya kwanza tulihuzunika, kisha tukakumbuka chuo cha makadeti. Huko tulifundishwa simu ya upepo, na mwalimu wetu, sajini mkali asiyecheka, hakukubali kamwe tuseme kwamba ujumbe umefika kwa kuwa tu umesikika. Alitaka kujua nani aliujibu, na nani aliinuka kitini. Kituo kinachosikia vizuri nyuma yake kusiwe na kikosi, alituambia, ni kituo cha kusikiliza watu wakiangamia.

Mkunga asikiaye mapigo 90 saa nane za usiku anamhitaji mpasuaji aliye macho, chumba cha upasuaji chenye taa, damu ya akiba, na kama yuko katika kituo cha wilayani, gari lenye mafuta. Hapana programu itakayomzalia hayo. Lakini hapa sisi twatofautiana na wale wanaoyatumia matokeo hayo kuwacheka vijana. Mapigo yaliyomo katika sikio la mtu mmoja hayawezi kumwamsha mpasuaji; mapigo yaliyonaswa katika simu yaweza kupelekwa, yaweza kusikilizwa na mtu wa pili aliye mbali, na asubuhi yaweza kuletwa mezani kuulizwa kwa nini hakuna aliyeinuka. Hapo ndipo tuonapo thamani ya wazo lile. Pembe haina ushahidi.

Tangu vijana wale waanze, mambo hayakusimama. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta vifo vya kina mama vimeshuka hadi 189 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na vya watoto wa mwezi wa kwanza hadi 22 kwa kila 1,000. Sifa ya hayo ni ya wengi, na WinSenga haiwezi kudai sehemu yake, maana haikupata kuwa kifaa cha kila siku katika wodi zetu. Vipimo vya mawimbi ya sauti vimeongezeka. Hata hivyo, betri inapokwisha au kinapoharibika, mkunga hufungua mtoto wa meza na kuitoa ile pembe, huipangusa, huwanyamazisha waliomo, akainama na kuanza kuhesabu.