Hotuba ya Kijana na Safari ya Basi

Mtoto akichaguliwa kushiriki mashindano ya hotuba shuleni, wazazi wengi huuliza kwanza zawadi ni nini. Aulizwe mada.

Mwezi Aprili 1944, huko Georgia, Marekani, mwanafunzi wa miaka 15, Martin Luther King, alisafiri na mwalimu wake kutoka Atlanta hadi mji wa Dublin kushindana katika kuhutubia. Mada yake ilikuwa watu weusi na Katiba ya nchi yao, jambo aliloliishi kila siku. Wakirejea usiku, dereva wa basi aliwaamuru wawapishe abiria weupe viti vyao, na walipokawia akawatukana. Kijana aliazimia kutoinuka. Mwalimu wake, mama mwenye kuyajua matokeo ya ukaidi zama zile, akamsihi atii sheria. Wakasimama masafa marefu kuelekea Atlanta. Miaka mingi baadaye alisema hajapata kughadhibika maishani mwake kama usiku ule.

Baba anayemwandikia mwanawe hotuba nzima (nao si wachache!) humnyima mada ya namna hiyo. Bora amketishe baada ya Isha, amwulize: ni jambo gani linalokuudhi hapa mtaani? Kisha anyamaze, amsikilize.