Uji Mtupu Haujengi Ubongo

Tukizungumzia lishe ya mtoto mdogo, hutaja protini, damu na vitamini. Mafuta huja mwishoni, tena kwa onyo. Onyo hilo ni la watu wazima wenye presha na vitambi. Halimhusu mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya kinachobaki katika ubongo ni mafuta. Mtoto huzaliwa ubongo wake ukiwa takriban robo ya uzito wa ule wa mtu mzima, na akifika miaka miwili huwa umekaribia robo tatu. Kipindi hicho ndipo nyuzi nyingi za neva huvishwa mayelini, ala ya mafuta inayoharakisha mawasiliano. Mafuta aina ya DHA, ya jamii ya omega-3, hujikusanya ubongoni kwa wingi kuanzia miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ndiyo maana mtoto njiti huzaliwa na akiba finyu.

Karibu nusu ya nishati ya maziwa ya mama hutokana na mafuta. Pengo hujitokeza baada ya miezi sita, uji unapoanza. Uji mwepesi wa mahindi ni maji mengi na mafuta kiduchu, hivyo tumbo hujaa kabla mwili haujatosheka. Kijiko cha mafuta ya alizeti au karanga zilizosagwa huongeza nishati, lakini havileti DHA. Mwili wenyewe huitengeneza kidogo tu kutokana na mimea kama soya. Chanzo cha uhakika ni samaki, na mama akila samaki, maziwa yake hubadilika: watafiti walikuta DHA nyingi zaidi katika maziwa ya akina mama wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, kuliko ya Wamasai ambao kwa desturi hawali samaki.

Mwenye shaka ana hoja nzito. Utafiti mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusisha wajawazito wapatao 2,400, baadhi wakipewa vidonge vya mafuta ya samaki. Watoto wao walipopimwa wakiwa na miezi 18, hawakuwazidi wenzao kiakili. Uingereza, utafiti wa Bristol wa mwaka 2007 ulionyesha watoto wa akina mama waliokula zaidi ya gramu 340 za samaki kwa wiki wakifanya vizuri zaidi, ila walaji samaki huenda pia walikuwa na kipato na elimu zaidi, na hesabu za kitakwimu haziondoi tofauti hizo zote. Kwa maoni yangu, matokeo hayo yanavunja nguvu ya vidonge, si ya chakula. Kumwongezea aliyeshiba si sawa na kumlisha mwenye njaa, na samaki huleta pia madini joto, chuma na protini ambavyo kidonge hakina.

Kuhusu hofu ya zebaki iliyomo katika samaki, Ushelisheli imetoa jibu la kutuliza: akina mama hula samaki takriban mara 12 kwa wiki, na watoto wao waliofuatiliwa kwa miaka mingi hawakuonyesha madhara ya wazi. Papa na samaki wengine wakubwa ndio wa kuwapunguza. Dagaa ni wadogo na zebaki yao ni ndogo, ila sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku. Wahudumu wa kliniki za mama na mtoto, mnapofundisha uji, tajeni pia kijiko cha mafuta na unga wa dagaa waliooshwa mchanga.