Safari ya Ndege na Hukumu ya Kupunguza Sala: Dar es Salaam hadi Jeddah

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW). Ama baada ya hayo: kila unapowadia msimu wa Umra na Hija tunaulizwa suala lile lile. Msafiri hupanda ndege Dar es Salaam asubuhi, na Alasiri humkuta Jeddah, nguo hata haijakunjika. Je, huyu naye apunguze Sala?

Miji hii miwili iko karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 Mashariki. Safari ni kuelekea kaskazini tu, kiasi cha kilomita 3,160, na ndege isiyotua njiani huzikata kwa saa nne na kitu. Ama masafa ya kupunguza katika madhehebu ya Imam Shafi (RA) ni marhala mbili, nazo ni farsakhi 16, yaani maili 48 za Kihashimi. Wanavyuoni wengi wa zama zetu huyakadiria kuwa kilomita 80 na ushei. Basi msafiri wetu ameyapita zaidi ya mara 35.

Wanaomkatalia husema hakupata mashaka. Hapa wamechanganya illa na hikma. Illa ya hukumu ni safari yenyewe. Kuondoa mashaka ni hikma yake, na hikma huweza kukosekana hukumu ikabaki. Yaala bin Umayya alimuuliza Sayyidna Umar (RA) kwa nini watu wanapunguza ilhali khofu iliyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 101, imeshaondoka. Umar akamjibu kuwa naye alilistaajabia hilo, akamuuliza Mtume (SAW), akaambiwa kuwa ni sadaka ya Allah, basi ipokeeni. Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kuwa bahari ni kama nchi kavu, hata mtu akiyakata masafa hayo kwa saa moja hupunguza. Anga tunaikisia papo hapo. Hata Mahanafi, wanaopima kwa mwendo wa siku tatu, huhesabu mwendo wa ngamia na miguu, si kasi ya chombo alichopanda mtu.

Lakini ruhusa haianzi nyumbani. Mkazi wa Dar es Salaam akiwa uwanja wa ndege bado yumo mjini mwake, basi asali Adhuhuri rakaa nne. Aliyetoka Morogoro kuja kupanda ndege hapo hapo ameshakuwa msafiri, naye ana ruhusa. Tumewaona wawili hawa wakibishana safu moja, na kila mmoja ana haki yake.

Kwa aliyefunga, saa ya mkononi haimfai kitu, japo miji yote miwili hutumia saa moja. Mwezi wa Juni jua huzama Jeddah kiasi cha dakika 50 baada ya kuzama Dar es Salaam. Disemba mambo hugeuka. Aliye angani hufuata jua la pale alipo: madamu analiona dirishani, hajafikiwa na Magharibi, hata kama watu wa nyumbani kwake wameshafuturu. Wallahu aalam.